Mke wa Waisiko Kwenye Meza ya Usaili

Philomena alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, tayari ameitwa mama. Mchana alifagia ofisi za kiwanda cha pamba pale Mugumu, na jioni alikaa kwenye dawati la watoto, magoti yakigusa mbao, akifuata maandishi ya ubaoni pamoja na wazee wa elimu ya watu wazima. Wafagiaji wenzake walimcheka.

"Mke wa Waisiko, unataka kuwa padri?"

Alipoweza kusoma alisoma. Alipokwama alimwomba Mungu, kisha akasoma tena. Miaka ikapita hivyo, mpaka akapewa meza katika idara ya utumishi, akawa karani wa Bwana Obura, mkuu wa idara hiyo.

Bwana Obura alikuwa mtu wa Shirati, tumbo kubwa na kicheko kikubwa zaidi. Ndiye aliyemfundisha kazi ya kuajiri. "Pamba inachambuliwa na mashine, nyathina," alikuwa akimwambia, yaani mwanangu kwa Kijaluo. "Watu tunawachambua sisi. Ukimtupa mtu mzuri pamoja na takataka, hakuna atakayeona ila Mungu." Alimfundisha kumsikiliza mwombaji mpaka amalize, kutazama mikono yake kabla ya cheti chake, na kutomwahidi mtu kitu mlangoni.

Mwaka wa sabini na sita Bwana Obura akapewa uhamisho wa kwenda Musoma. Alimwambia meneja waziwazi kwamba kiti chake akikalie Philomena. Meneja akakubali, ila kwanza amwone akifanya usaili: alitafutwa msimamizi wa mizani kwa msimu wa pamba uliokuwa mlangoni.

Sasa, ili jambo hili lieleweke, ni lazima nyumba ya Waisiko ielezwe. Waisiko alikuwa mjane wa Busawe, mwenye ng'ombe wengi lakini hana mtoto wa kiume. Kwa Wakurya mwanamke wa namna hiyo haachi jina la nyumba yake life. Hutoa mahari akaoa msichana, naye huyo humzalia. Msichana aliyeolewa na Waisiko ndiye Philomena. Mwanamume wa kuzaa naye alichaguliwa na Waisiko mwenyewe. Alikuja na kuondoka, hana haki ya mume wala ya baba. Jina lake Simioni. Mtoto aliyezaliwa, Hezekia, alikuwa wa nyumba ile iliyotoa ng'ombe, akalelewa huko Busawe mama yake akiwa kazini Mugumu. Jirani mmoja aliwahi kuropoka kwamba mtoto ana pua ya Simioni, na Waisiko akamtoza mbuzi.

Kanisani ndoa hiyo haikutambuliwa. Kila Jumapili wenzake walipokwenda kukomunika, Philomena alibaki peke yake kwenye benchi, ameinamisha kichwa.

Siku ya usaili Simioni alikuwa miongoni mwa waombaji. Alikuwa amepima pamba kwenye chama cha ushirika mpaka vyama vilipovunjwa mwaka ule ule, na wakulima walimwamini, jambo ambalo si dogo kwa mtu wa mizani. Kabla ya kumwita mtu wa kwanza, Bwana Obura aliuliza kama kawaida ya kiwanda: je, kuna mjumbe mwenye mtu wake hapo nje? Mwenye mtu wake alitakiwa kutoka.

Athumani, mwenyekiti wa kamati ya wafanyakazi, alicheka. "Ndugu zangu wote wako Ujiji, na hawajui pamba hata ikiwaangukia."

"Na wewe, Philomena?"

"Hapana, mzee."

Neno lilitoka lenyewe, kama ambavyo lingemtoka mwanamke yeyote wa Busawe. Simioni alikuwa nani kwake? Si mume, si kaka, si shemeji. Lakini jioni alipopiga magoti, sala yake haikwenda mbali. Ee Mungu, alisema, kwa mila yetu nimesema kweli. Akasubiri amani. Haikuja.

Simioni aliwashinda wote, akapewa mizani. Haukupita muda, mmoja wa walioshindwa akasimama kwenye mkutano wa wafanyakazi, akapiga kelele: "Karani amemwajiri baba wa mtoto wake! Huu ndio ujamaa?"

Meneja Swaleh, mtu wa Tanga, akawaita wahusika ofisini kwake. Waisiko naye aliitwa. Alifika na fimbo yake, akakaa bila kukaribishwa.

"Mke wangu ana kosa gani?" akauliza.

"Mke wako?" Swaleh akamgeukia Athumani.

"Ng'ombe walitoka zizini kwangu. Wewe, mwanangu, wako ulimwoa kwa kitu gani, kwa maneno?"

Athumani akajifunika mdomo.

"Na huyu Simioni ni nani, bibi?"

"Fahali wa kuazima. Umewahi kuona fahali wa kuazima akadai ndama?"

Swaleh akamtazama Simioni. Simioni akaitazama kofia yake. "Mimi sina mtoto Busawe, Ndugu Meneja. Mtoto ni wa mama Waisiko."

Swaleh akashusha pumzi. Hakuwa mtu mbaya, na msimu ulikuwa unamngoja. "Haya. Mila za kwenu nimezisikia, na mimi si hakimu wa mila. Ndugu Philomena, sema kama hawa walivyosema, nifunge shauri hili. Huyu ni mtu wako, au si mtu wako?"

Bwana Obura alimwashiria kwa kichwa polepole: sema, mwanangu, sema twende zetu.

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Philomena alikiona kile kiti, na akayaona madarasa yote ya jioni yaliyomfikisha karibu nacho. Akawaona pia watu atakaowauliza swali lile lile, mwaka hadi mwaka, akiwatazama machoni. Mungu wangu, nishike, aliomba kimoyomoyo.

"Ndiye baba wa mwanangu," alisema. "Na mzee Obura aliponiuliza, nilijua anauliza nini."

Waisiko alisimama, akiegemea fimbo. "Umemtoa mtoto nyumbani kwangu kwa mdomo wako," alisema, akatoka.

Simioni alibaki na kazi. Yeye hakuwa ameulizwa swali siku ya usaili, na Athumani alishikilia kwamba hakuna mwingine wa kuaminiwa na mizani ile. Kiti cha Bwana Obura alipewa kijana kutoka Mwanza. Philomena aliachishwa kazi. "Nilikufungulia njia, nyathina," Bwana Obura alimwambia, na siku hiyo hakucheka. Philomena akamshukuru kwa kumfundisha kazi.

Alipanda lori la pamba hadi Busawe kumfuata mwanawe. Waisiko alikuwa uani akipepeta ulezi.

"Shikamoo, mama."

Ungo ulipanda, ukashuka. Hezekia alitoka mbio nyuma ya ghala, na Waisiko akamdaka mkono kabla hajafika langoni.

"Huyu ni wa ng'ombe wangu," alisema. "Kama ni wa Simioni, Simioni alete ng'ombe. Anao?"

"Hana, mama."

"Na wewe unao?"

Philomena alimtazama mtoto.

"Basi nenda."

"Mama, huli kwanza?" Hezekia akamwuliza Philomena.

Philomena aligeuka, akaifuata njia iliyopita kando ya ua. Watu walikuwa wakirudi kutoka shamba la kijiji na majembe yao mabegani, wengine walimsalimu. Aliomba akitembea. Hakuomba kazi wala kiti. Aliomba tu mtoto asilie mpaka yeye avuke kijito, asimsikie.

Hakuwa amefika kijitoni mtoto alipoanza kulia.