Dumu la Kumi

Damari ndiye aliyekuwa mwonjaji wa kikundi cha warina asali pale Itigi. Wenzake huingia porini na moshi, yeye hukaa kwenye kigoda na kijiko. Akisema hapana, asali haiendi kwa afisa wa viwango kugongewa muhuri.

Asubuhi ile madumu tisa yalipita. Alipochovya la kumi, mate yakamjaa kinywani. Akatema. Asali ilianza tamu, halafu ikafuata ladha ya dawa ya josho, ile ya kuogeshea ng'ombe, ikamganda kooni kama unywele.

"Gasto," akamwita shemeji yake aliyelileta. "Dumu hili lilikuwa la nini?"

"La maji, shemeji."

"Maji ya kuulia kupe?"

Gasto akacheka kidogo. "Nimelisugua kwa majivu, nikalianika siku tatu. Asali haiozi, shemeji, hata wazee walisema. Dumu litaifanya nini?"

"Haiozi, sawa. Lakini plastiki ikishakunywa sumu haiitapiki, inaigawa."

"Basi tuimimine kidogo kidogo kwenye yale tisa. Nani atajua?"

Damari akatikisa kichwa. Yale tisa yalikuwa jasho la nyumba kumi na mbili. Kisha akakumbuka jambo, akaweka kijiko chini.

"Ile chupa uliyomletea Eliana ya kikohozi, mwaka jana. Ulimiminia kutoka wapi?"

"Humo humo," Gasto akasema akitazama miguu yake. Eliana, mjukuu wake Damari, alitapika siku mbili, na bibi mwenyewe ndiye aliyekuwa akimlambisha, asubuhi na jioni, akimsifu kwa kumeza.

Afisa Jenipher akafika saa nne. Baada ya shikamoo akayapindua madumu moja moja, akitafuta chini yake ile alama ya glasi na uma, ya chombo cha chakula. La kumi halikuwa nayo.

"Na hili, bibi?"

Damari akachota kijiko kimejaa, akamnyooshea Gasto mbele ya watu. "Mwenye dumu aonje kwanza. Asali haiozi."

Gasto akafumba mdomo. Kijiko kikabaki hewani, kinadondosha.

"Umeona jibu, mwanangu," Damari akamwambia afisa. "Gonga tisa."

Lile la kumi alilibeba mwenyewe hadi chooni, akamimina asali yote shimoni, akafunika kwa bati, nyuki wasije wakailamba na kuirudisha mizingani.