Mashindano ya Shelui

Dada Sikudhani alipoandaa mashindano katika banda lake la gemu pale Shelui, alichagua mbio za magari, maana ndizo zilizochekesha watu kuliko zote. Siku ya majaribio Dina, fundi cherehani aliyejifua wiki tatu nzima, aliongoza tangu mwanzo. Kwenye kona ya mwisho mashine, kama inavyowasaidia walio nyuma, ikampa kombora la bure Naftali, dereva wa lori ambaye hakuwahi kushika pedi ya gemu. Akalipua gari la Dina, akashinda. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu, na Dina akatoka bila kuaga.

Naftali hakucheka. "Dada, mimi sijashinda," alimwambia Sikudhani. "Nimeokota tu."

Maneno hayo yalimwingia Sikudhani. Kesho yake akabadilisha gemu, akaweka mpira wa miguu, timu zote nguvu sawa, kisha akaenda mwenyewe kumbembeleza Dina arudi.

Jumamosi, siku ya mashindano yenyewe, Dina alifungwa na Fredrick, kijana kutoka Sepuka, mabao mawili kwa moja. Sikudhani akahofia kumpoteza tena. Lakini Dina alivuta kiti karibu na yule aliyemshinda.

"Kaka, lile bao la pili umelifungaje? Nionyeshe polepole."

Fredrick akamwonyesha. Dina akajaribu, akakosa, akajaribu tena, na mpira ukatinga wavuni.