Safari ya Mwisho ya Rohojuu

Treni yetu ya kupanda na kushuka vilima vya reli, pale bustani ya michezo, haikuwahi kuwa na jina la heshima. Wateja waliiita Rohojuu, nasi tuliokula kwa jasho lake tukaiita hivyo hivyo. Mimi nilikaa kibandani nikikata tiketi. Mume wangu alikuwa fundi wake tangu tukiwa wachumba. Nikisema niliolewa ukewenza na chuma, sidanganyi.

Chuma nacho huzeeka. Vipuri vikaadimika, mwenye bustani ya michezo akaamua treni ing'olewe iuzwe chakavu, na fundi astaafu nayo. Lakini kwanza iagwe: watu wapande bure, na mume wangu akae kiti cha mbele kabisa apigiwe makofi. Wiki nzima mzee wa watu alipiga pasi shati jeupe lile lile.

Asubuhi ya kuiaga, foleni ilifika getini. Yeye akapanda kukagua kama kawaida yake, siku hiyo bila ovaroli: anatembea kando ya reli na nyundo ndogo, anagonga kila nati na kusikiliza. Iliyokaza hulia kama kengele; iliyolegea hutoa mlio wa debe bovu. Vifaa vya kupimia alividharau, akisema sikio halihitaji betri.

Nilikuwa chini nikipanga viti vya wageni, na masikio yangu yalimfuata yenyewe. Ngi. Ngi. Ngi. Kwenye kona ya juu kabisa, pu. Nikangoja arudie. Akasogea kwenye nati inayofuata, ngi, akaendelea na zake.

Nilimwita. Nikamwita tena kwa sauti iliyogeuza foleni nzima, yeye asigeuke. Ndipo nikaielewa ile redio inayotikisa kuta nyumbani, na maswali yangu yasiyojibiwa ambayo nilidhani ni kiburi cha uzee. Nilimwonea huruma mpaka nikamkasirikia.

Kabla sijajua la kufanya, alikwisha shuka na kumwinulia meneja dole gumba. Mnyororo wa lango ukafunguliwa, watu wakakimbilia viti. Ningependa kumvuta pembeni nimsitiri, lakini nafasi haikuwepo. Nikasimama mbele ya behewa la kwanza na kutandaza mikono.

“Hapandi mtu. Kuna nati imelegea kona ya juu.”

Meneja akamtazama fundi. Fundi alikuwa akitazama midomo yangu.

“Mama watoto, nimezigonga zote.”

“Umezigonga. Ile hukuisikia.”

Akapanda tena polepole, na sote tukamwona akiishika nati ile kwa vidole. Ikazunguka. Alikaa kule juu muda mrefu kuliko kazi ya kukaza nati moja.

Meneja akafunga lango, hakutaka tena kusikia habari ya safari. Watu wakaondoka wakininung'unikia mimi, eti mchawi wa furaha za wenzangu. Nilikubali.

Aliposhuka, shati likiwa na grisi kifuani, nilijiandaa kutukanwa. Akakaa kwenye ngazi ya kibanda na kunivuta nikae naye, macho yake kwenye reli.

“Niigie,” akasema. “Imelia vipi?”

Nikainama sikioni kwake, nikaiga kwa sauti ya kawaida, mara mbili. Akaendelea kutazama reli, akingoja.

“Haya, mama watoto,” akasema. “Anza basi.”