Mfuko wa Udongo Uliobaki Garini

Nasriya alijua kilichotokea kabla hata hajashuka garini. Ami Marhoon, mdogo wa marehemu babake, alikuwa amesimama katikati ya shamba lake la viazi vitamu huko Qurayyat, kashika shina lililong'olewa, mizizi yake yote imejaa vinundu. Minyoo fundo, ile midogo ya udongoni inayoshambulia mizizi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeitambua, sembuse yeye anayepima udongo kila siku katika maabara ya Al Khoudh.

"Udongo umeupima mwenyewe, mwanangu, ukasema msafi," alisema Ami. "Basi ni haya marando ya kupandia ya Ulimboka. Kayatoa kwa rafiki yake, kaniletea maradhi. Nna hasira naye! Nshamkatia tiketi, kesho anarudi kwao Mbeya."

Ulimboka, mfanyakazi wake wa miaka sita, alikuwa amekaa kwenye mlango wa stoo, begi pembeni.

Aibu ilimpanda Nasriya mpaka masikioni. Siku aliyochukua ule udongo, mwezi wa tisa, alipita Madinat Sultan Qaboos kwa shangazi yake, kusalimia tu. Na nani aliyewahi kusalimia tu kwa shangazi? Ikaja halua, ikaja kahawa, likaja sinia la wali, na mfuko wa udongo ukakaa garini, vioo vimefungwa, saa tatu nzima za jua la Maskati. Kipimo chenyewe kinataka minyoo hai: udongo unalazwa majini juu ya karatasi laini, na minyoo inashuka yenyewe majini. Iliyokufa haishuki. Kesho yake alichungulia kwenye hadubini akaona maji matupu, na moyo ukamwambia sababu. Lakini arudi kwa Ami kumwomba achimbe tena, kisa sahani ya wali? Akaandika: hakuna minyoo. Msomi mzima!

Sasa angeweza kunyamaza. Tiketi imeshakatwa, nani angeuliza? Alijichukia kwa kulifikiria hilo.

"Ami, si Ulimboka. Ni mimi." Akaeleza yote, hata halua, bila kumtazama mtu.

Ami Marhoon alilitupa lile shina. "Ulijua tangu siku ile?"

"Nlijua."

"Mtoto wa watu nimemtukana mbele ya majirani," alisema Ami, akageuka akaenda zake nyumbani.

Nasriya akamwendea Ulimboka. "Nisamehe, kaka."

Ulimboka alisimama kwa heshima, jambo lililomuumiza zaidi. "Mimi marando niliyaona mazima, dada. Ila karatasi yako ilisema udongo hauna kitu, nikajua basi kosa ni langu. Jana nimempigia mke wangu, nimemwambia nimefukuzwa kwa kuharibu shamba la watu. Amelia sana."

Akatoa simu mfukoni, akabonyeza.

"Mwambie wewe, dada. Mimi atadhani najitetea."

Akamnyooshea, nayo ilikuwa imeshaanza kuita.