Saa ya Pembe Nane

Mwaka 1998 Perpétue alikimbia vita, akavuka mpaka na sufuria mbili, mume mmoja na saa moja. Kufikia 2014 sufuria moja ilikuwa imetoboka, na mume, Gad, amelala kwenye makaburi ya Rubondo, ndani ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Ikabaki saa. Mhandisi Mswisi alimpa Gad saa hiyo kule mgodini Kamituga, kabla hawajakimbia: chuma kitupu, uso wa pembe nane, skrubu nane. Wosia wa Gad ulikuwa mfupi kuliko sala ya mwenye njaa: "Hii ni kiwanja. Usiiuzishe bure."

Perpétue alishaiuza kichwani mara elfu. Kiwanja alishakiona nje ya kambi, kwenye mji mdogo wa Kaberebere, nyuma ya kinu cha unga. Alishajua hata upande wa kuanika maharage. Mwaka huo shamba lake la kambini lilipokatwa kwa mara ya tatu kuwapisha wageni wapya, akaifunga saa kwenye kitambaa, akaenda mjini Mbarara kwa fundi saa Swalik, akamwambia anaiuza anunue kiwanja.

Swalik akaweka lenzi jichoni. Akacheka kwa furaha.

"Nyabo! Mama, hii ni yenyewe!"

Kule Kaberebere maharage yakaanza kukauka.

"Watu ya saa wanasema, ule aliichora alitumia usiku moja tu, miaka ya sabini. Alikumbuka kofia ya chuma ya wapiga mbizi, ile ya kufunga na bolti kuzunguka kioo. Chuma, nyabo, na bei inashinda dhahabu! Watu walicheka. Lakini ona kona, kali kama wembe. Na juu ya chuma kuna mistari midogo midogo, ya mkono, haing'ai..."

Akaigeuza. Akaigeuza tena. Kicheko kikakosa pa kukaa.

"Nyabo, mistari iko wapi?"

"Mistari gani?"

"Na kona, mbona iko raundi kama mandazi? Unasafisha na nini?"

Perpétue akajinyoosha kwa fahari. "Majivu na mchanga laini. Kila samedi, Jumamosi zote, tangu tufike. Baba Junior, bwana yangu, alipenda ing'ae mu kanisa. Rubondo yote banasema hakuna sufuria inashinda saa yangu."

"Majivu na maji?"

"Utasugua majivu bila maji, wee fundi?"

Swalik akafungua mgongo wa saa. Ndani kutu tupu, nyekundu kama udongo wa barabara ya Nakivale. Akaisukuma juu ya meza taratibu, kama anayerudisha mtoto wa watu.

"Kiwanja hapana, mama. Hata mlango hapana."

"Umesema ni yenyewe."

"Ilikuwa."

Jioni, jirani yake Goretti akampigia kelele kutoka kwenye bomba la maji: "Mama Junior! Tukuje lini kuona kiwanja?"

"Bado banapima!"

Ilikuwa samedi. Perpétue akachuchumaa jikoni, akachota majivu, akaanza kusugua. Pembe ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nane aliitafuta kwa kidole, hakuipata.