Pazia la Bibi Ackroyd

Asubuhi ile Ketura aliisoma barua kwa macho yake mwenyewe. Mama mkwe wake, Bibi Ackroyd, alikuwa amemwandikia mwanawe Enoki kule Kanada kwamba mkewe kamtupa mtoto na kutoroka na mwanamume. Basi alete nauli ya watu wawili tu, bibi na mjukuu. Barua ilingoja picha ya mtoto iende nayo. Roho gani hiyo, jamani!

Sasa walikuwa kwa mpiga picha, Bwana Tattersall, hapo hapo Bradford, na mtoto hakubali kushikwa na yeyote ila mamaye. Bibi akachukua pazia jeusi.

"Jifunike gubigubi, umshike humo ndani. Si kina mama wote hufanya hivyo?"

"Wao hujifunika ili mtoto aonekane vizuri, mama. Mimi unanifunika nipotee."

"Ulishapotea siku nyingi. Kaa!"

Akakaa. Tattersall akafungua jicho la kamera, akahesabu mpaka nane, lakini mtoto aligeuka kumtafuta mamaye nyuma ya pazia, na kwenye kioo cha kunasia picha uso wake ukatoka ukungu mtupu. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu Ketura alimpulizia shingoni kwa makusudi ili ageuke, wala hakuona haya.

"Mnanimalizia vioo!" Tattersall akafoka. "Toeni hilo pazia, mtoto amwone mamaye atulie."

Bibi akabetua midomo. "Haya, litoe. Ila huyu mkwangue uso pale kiooni kwa kisu baadaye. Unaweza?"

"Kila wiki nakwangua watu, bibi. Kazi ya dakika moja."

Ketura aliwaka kwa hasira, lakini hasira haikumpumbaza. Jicho la kamera lilipofunguliwa, alimkumbatia mwanawe shavu kwa shavu, akakaza macho mbele. Mtoto akatulia tuli hadi nane.

Kioo kilipotolewa kwenye dawa ya kusafishia picha, Tattersall alikitazama, kisha akaweka kisu chini.

"Haiwezekani. Nikimkwangua huyu, na mjukuu wako anakwenda nusu uso."

"Piga nyingine!"

"Apige hata mia," Ketura akasema. "Nitakaa hivi hivi."

Bibi akanyoosha mikono amnyang'anye mtoto. Mtoto akapiga yowe, akajificha shingoni kwa mamaye.

"Barua yako nimeisoma, mama," Ketura akasema. "Itume na picha hii."