Mgongo wa Akida Zaidi

Mume wangu Mohamedi alikuwa mwalimu mzuri, ila woga ulimjaa mpaka kwenye kanzu. Jioni moja alirudi kutoka shuleni akakaa kizingitini.

"Bwana Mkubwa wa boma anakuja Jumatatu kuwatahini watoto," akasema. "Anataka wataje aina za pembe za hesabu. Wakishindwa nachapwa viboko hamsa ishirini, na shule anapewa mpwa wa Akida Zaidi."

"Mpwa yupi? Yule asiyejua kuandika jina lake?"

"Huyo huyo."

Nilipandwa na hasira. Zaidi, akida wa Wajerumani hapa Dodoma, alikuwa akiimezea mate shule ile tangu reli ifike. Ukipita mbele yake bila kuinama anakutia ndani. Na mtu wa hivyo ndiye wa kumponza mume wangu achapwe? Thubutu!

"Hizo pembe umewafundishaje?"

"Nimechora ubaoni. Wanatazama tu. Wametoka kuchunga, Stara, wanasinzia."

"Basi wafundishe kwa kitu wanachokifanya kila siku. Si wanainama?"

Nikasimama uani nikamwonyesha. Ukikutana na jumbe wa kijiji unainama kidogo tu, kati ya kifua na mapaja panabaki wazi: pembe butu. Kwa akida mgongo unalala kama meza: pembe mraba. Kwa Mjerumani pua inatafuta magoti: pembe kali.

"Na pembe nyoofu?" akauliza.

"Nyoofu ni kusimama wima. Hiyo waifanyie kwao."

Akacheka mpaka akashika mbavu.

Basi mji mzima ukapata taabu. Watoto waliinama kisimani, waliinama nyuma ya ng'ombe, na kila mtu mzima aliyepita walimpima. "Mraba!" "Wapi, butu huyo!" Wazazi wakaja kwangu kulalamika. Nikawaambia nendeni zenu, watoto wanasoma.

Jumatatu nilisimama dirishani pa shule na sinia la vitumbua, najifanya nauza, kumbe nachungulia. Bwana Mkubwa aliketi mbele, kiboko mezani. Mohamedi alikuwa pembeni, ameinama tangu asubuhi. Mara akaingia Akida Zaidi, amechelewa. Akainama kumsalimu Bwana, akazidi kuinama, mpaka kilemba kikagusa goti.

"Pembe kali!" darasa zima likapaza sauti.

Mohamedi akafumba macho. Nikajisemea, Stara, leo mume wako anakwisha. Akida akataka kuinuka, uso umemwiva.

"Usiinuke!" Bwana Mkubwa akamwambia. Akatoa kipimo chake cha pembe, akakiweka kiunoni kwa akida, akasoma taratibu. "Kali, kweli. Sasa inuka kidogo. Na hii?"

"Mraba!"

"Inuka tena."

"Butu!"

Jasho lilimtiririka akida, na mimi niliuma kanga nisiangue kicheko. Jamani, raha niliyoipata!

"Imebaki nyoofu," akasema Bwana Mkubwa, akamwelekezea kidole Matonya, mwanafunzi wa benchi la mbele. "Wewe. Nionyeshe."

Baba yake Matonya alichapwa mwezi uliopita kwa kusimama wima njiani Bwana huyo huyo alipopita. Bado alikuwa akilala kifudifudi. Hamu ya kucheka ikanitoka.

Matonya akainuka. Akanyoosha mgongo, akanyoosha shingo, akamtazama Mjerumani usoni.

"Pembe nyoofu, Bwana."

Mkono wa Bwana Mkubwa ukaenda kwenye kiboko. Hapo benchi zima likasimama. Likafuata la pili, na yote yaliyobaki, watoto wima kabisa. Na Mohamedi wangu, mwoga yule, akanyoosha mgongo pale pembeni.

Bwana Mkubwa akatazama kiboko. Akatazama kipimo mkononi mwake.

"Sahihi," akasema, kwa shida.

Akachukua kofia yake akatoka, akida nyuma yake. Hakuna aliyeinama kuwaaga. Pembe ya mwisho aliyoitaka ilikuwa nyoofu; si hakuuliza nyingine?